Komunike ya Maziwa ya Manjano

Hautaniamini, lakini sikiliza tu! Neno moja ilitoka mu kinywa ya mutoto, ikapita kwa wenzake wawili, ikamurudilia, na mwenyewe akashindwa kuitambua! Ilifanyika huku kwetu Masisi, mu milima ya Kongo, mu miaka ya hamsini. Koko, ni kusema bibi yangu, Libérata njo alinielezea; alikuwa anakaa benchi moja na uyo mutoto.

Mutoto aliitwa Vénantie. Alikuwa na sauti, weee! Njo maana kila Jumapili kisha misa, katekista alikuwa anamusimamisha juu ya jiwe mbele ya kanisa apige komunike: nani amepoteza mbuzi, daraja gani imevunjika. Kitu ikisemwa pale juu ya jiwe, watu wanaamini.

Jumamosi moja, akitoka kutafuta kuni, Vénantie alipita kwa Mama Mukandori, mujane mufugaji. Ule mama alikuwa anabadilisha maziwa na maharagi ya walimaji. Njo ilikuwa chakula ya watoto wake. Vénantie akachungulia mu kibuyu. Yo! Maziwa ya manjano, nzito kama uji! Kwao walikuwa walimaji, mambo ya ngombe hawakuijua. Hakuuliza mwenye kibuyu. Akaenda zake.

Ku chemchem akauliza rafiki yake Léontine: "Eti maziwa ya manjano inaweza kugonjesha mutu? Nimeiona kwa Mama Mukandori."

"Mi najua wapi?" Léontine akacheka.

Asubuhi yake, kabla ya misa, Emérita wa darasa yao akakuja mbio, pumzi imekatika. "Vénantie! Umesikia? Maziwa ya Mama Mukandori inagonjesha watu!"

"Nani amesema?"

"Watu wote!"

Vénantie akakumbuka ile manjano. Kumbe ni kweli! Kisha misa akapiga komunike ya katekista, akaongeza yake kwa sauti yote: "Musinywe maziwa ya Mama Mukandori! Inagonjesha! Watu wote wanasema!"

Kesho yake Mama Mukandori akazunguka na vibuyu vyake, nyumba kwa nyumba. Milango inafungwa. Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu mutoto wake Théoneste akasinzia mu darasa, tumbo inalia mpaka benchi ya nyuma inasikia. Wengine wakacheka. Vénantie hakuweza kucheka.

Mwalimu Kanyamibwa akamuita inje. "Ile komunike yako, uliitoa wapi?"

"Kwa watu wote, Mwalimu."

"Mi pia niko mutu, na sikusema. Enda umutafute mwenye alisema wa kwanza. Usikuje bila jina."

Vénantie akaenda na Libérata wa benchi yake. Emérita akasema: "Mi nilisikia kwa Léontine." Léontine akashika kiuno: "Unaniuliza mimi? Si wewe njo uliniambia pale ku chemchem?"

"Mi niliuliza tu!"

"Basi mi nilimuambia Emérita vile uliuliza. Kama yeye ameongeza chumvi, mi nifanye nini?"

Watu wote, kumbe ni yeye peke yake! Akaenda mwenyewe kwa Mama Mukandori, akapiga magoti, akamuambia yote.

Mama Mukandori akamuinua. Kisha akasema: "Mutoto wangu, ngombe yangu moja ilikuwa imezaa. Maziwa yake ya kwanza iko manjano, hatubadilishe na mutu, wanaikunywa watoto wa nyumba. Ungeniuliza tu! Nilikuwa palepale, nimekaa."

Jumapili, Vénantie akapanda tena juu ya jiwe. "Maneno ya maziwa ilikuwa uongo. Ilitoka kwangu, Vénantie, binti ya Védaste. Niliona manjano, sikuuliza. Mama Mukandori mwenyewe amenielezea: ni maziwa ya ngombe yenye imetoka kuzaa, na haibadilishwe na mutu. Hakuna hata mutu mumoja amegonjwa. Mwenye ana mashaka, mama ni yule pale, amuulize."

Halafu Papa Védaste akatoka mu watu na kitunga ya maharagi, akaiweka mbele ya Mama Mukandori, penye vibuyu vyake vya maziwa. "Mama, unijazie kibuyu." Akakunywa palepale, watu wote wanaangalia. Wamama wengine wakaanza kusogea, mumoja mumoja.

Mwalimu akashika Vénantie bega. "Leo njo umepiga komunike. Umesema nani ameona, nani amesema, na wapi mutu anaweza kwenda kuhakikisha. Ukisema 'watu wote wanasema', hakuna mwenye tunaweza kuuliza, na mutoto wa mutu analala njaa."

Sasa wewe mwenye unasoma: ungekuwa Vénantie, watu wamejaa, Théoneste anakuangalia, na ile jina yenye unapaswa kutaja ni yako mwenyewe. Ungefanya nini?