Mfupa Usiolia

Asubuhi ya kwanza Foske alidhani ng'ombe amegonga ndoo. Ting. Mlio mdogo, mkavu, kisha harufu ya mafuta ya kondoo, na nyumba nzima ikanyamaza, hata ng'ombe waliokuwa wakitafuna upande wa pili wa ukuta wa fito.

Ndani ya chungu cha uji palikuwa na kipande cha mfupa, kidogo kama punje ya shayiri.

"Umetupia nini humu?" alimuuliza mumewe.

"Mimi? Uji wako hauhitaji msaada kuharibika," alisema Haio, akijikuna utosini.

Foske alikificha kipande kwenye mkunjo wa nguo. Mlio ule aliujua; yeye mwenyewe ndiye aliyeuzima.

Mwaka uliopita Haio alimpiga jirani yao Wibrand shoka la kichwa, wakigombea malisho. Sheria ya Wafrisia, watu wa pwani ile, iko wazi: mfupa uliotoka kwenye jeraha hurushwa kuvuka barabara upige ngao, na ukilia watu wakasikia, fidia ni kamili. Usipolia, ni mkwaruzo. Fidia kamili ingewamaliza ng'ombe wote, na ngao ilikuwa ya Haio, kwa hiyo Foske aliisiliba ndani kwa sufu na mafuta ya kondoo. Mfupa ukagonga, pu. Wazee wa baraza, wanaojivunia masikio kuliko akili, wakasema mkwaruzo. Wibrand alikufa kabla ya mavuno. Wakasema homa.

Sasa mlio ulirudi kila asubuhi, na kila asubuhi kipande kingine, na Haio akaanza kusahau majina ya ng'ombe, kisha njia ya kisimani, kisha siku moja akamtazama Foske kwa adabu kubwa, kama mgeni anayengoja kukaribishwa, akamuuliza mwenye nyumba yuko wapi.

Mganga katika kijiji chao cha kilimani alikuwa mmoja tu, Tette, mama yake Wibrand. Foske alizunguka mlango wake mara tatu kabla ya kuingia.

"Mama, nyumbani kwangu kuna kitu."

"Kina jina. Nilimpa mimi."

"Mfukuze."

"Hafukuziki, mwanangu. Anataka kusikika. Nenda barazani na ngao ile ile, ukaseme."

"Watachukua ng'ombe wote."

"Basi baki nao."

Foske alibaki nao siku tatu zaidi, maana mmoja alikuwa karibu kuzaa. Ting. Ting. Ting.

Siku ya nne alisema yote. Ngao ilisafishwa, mfupa wa Wibrand, ambao mama yake aliutunza, ukarushwa tena, ukalia ukasikika hadi kwenye matope ya pwani. Ng'ombe wakaondoka, na ndama.

Jioni nyumba ilikuwa kimya, bila harufu. Foske alimkalisha mumewe karibu na moto, akaanza kumchana nywele. Vidole vyake vikagusa utosini tundu laini, lisilo na damu, kubwa kama punje ya shayiri. Pembeni yake lingine. Alihesabu kumi, sawa na vipande alivyokuwa navyo nguoni.

"Foske," alisema Haio, jina alilokuwa amelisahau. Sauti ilikuwa ya Wibrand. "Jeraha mmelipa. Kaa sasa, tuzungumzie kifo changu."