Mume Mdogo wa Maman Mireille

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya mahojiano, Machano alirudi kutoka kubeba mizigo soko la Warwick, akapanda chumbani kuvaa shati jeupe, akapiga ukelele uliosikika hadi saluni chini. Chumba kilikuwa kimepinduliwa. Godoro chini, vitenge vya mkewe chini, na sanduku walimohifadhi pasipoti yake liko wazi, tupu. Mlango haukuvunjwa.

Saa tatu kasoro robo Clara alisimama katikati ya vurugu ile, mkono kiunoni. Alikuwa karani wa wakili wa mambo ya viza, mzaliwa wa Tanga, na kwa miezi minane alikuwa ameibeba kesi ya wawili hawa kama mtu achotaye maji kwa pakacha. Kila ofisa alitazama kwanza tarehe mbili za kuzaliwa. Mireille, Mkongomani mwenye ukaazi wa kudumu na saluni hapa katikati ya Durban: hamsini na mitatu. Mumewe Mzanzibari: ishirini na tisa.

"Mzee akioa binti wanampa hongera," Clara alikwisha kumwambia wakili wake. "Mama akiolewa na kijana, wanatafuta mwizi."

Leo mwizi kaja kweli, ila si yule waliyemtafuta. Saa nane mchana ndiyo mahojiano ya mwisho. Bila pasipoti hakuna mahojiano, na bila mahojiano Machano anarudishwa kwao kabla ya mwezi kwisha.

"Umegusa nini humu?"

"Sijagusa kitu, dada Clara."

"Hata kimoja?"

"Wallahi."

Clara akazungusha macho. Picha ya harusi, chini, uso sakafuni. Biblia ya Kifaransa ya Mireille, chini, kurasa zimekunjamana. Juu kabisa ya kabati, peke yake, msahafu uliofungwa vizuri, umetandikiwa kitambaa safi.

"Huu hukaa wapi?"

"Sandukuni. Juu ya pasipoti."

Clara akaguna, akashuka.

Mireille alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, chanuo mkononi, hachani mtu. Ufunguo wa chumbani uliningʼinia msumarini kando ya kioo, mahali ambapo kila wa nyumbani aliuchukua.

"Nani alipanda asubuhi hii, Maman Mireille?"

"Cédric alikuja kutafuta chaja yake. Kisha wifi Mize akafika toka Isipingo na vitumbua vya kututakia heri, akapanda kuomba dua. Hakuna mutu mwingine." Akainamisha kichwa. "Clara, uniambie kweli. Labda ni yeye mwenyewe, Machano. Labda amechoka na mimi, anakosa namna ya kusema."

"Eish! Na wewe usinianze. Maofisa wananitosha."

Mize, dada mkubwa wa Machano, aliyeketi kando yake, akamsogezea Clara hotipoti. "Kula, mwanangu. Hasira haikai na njaa."

Clara akachukua kitumbua kimoja, akaenda duka la simu la jirani. Cédric, mtoto wa Mireille, miaka thelathini na mmoja, alikuwa akifungua simu ya mteja.

"Nilijua utakuja. Kwenye harusi nilisema mbele ya watu wote: sitamwita papa mtoto niliyemuzidi miaka miwili. Iko siri gani hapo?"

"Unamchukia?"

"Sana! Anamaliza maziwa, anaacha paketi tupu ndani ya frigo." Akaweka bisibisi chini. "Lakini tangu papa afe, mama hakuimba. Sasa anaimba jikoni, vibaya kabisa, kila siku. Nimufukuze mwenye kumuimbisha?"

"Ulipopanda, chumba kilikuwaje?"

"Sawasawa. Kitanda kimetandikwa."

Clara akarudi saluni, akamwita Machano ashuke, akafunga mlango, akageuza kibao upande wa "tumefunga".

"Nimechoka," alisema, "kwa hiyo nitasema mara moja. Mwizi wetu alitaka tudhani ni mwizi wa mtaani. Akatupa kila kitu, hata Biblia ya Maman Mireille. Ila alipofika kwenye msahafu, mkono ukagoma. Akatafuta kitambaa safi, akauweka juu kuliko vyote. Cédric asingejali, kwake ni kitabu tu. Machano alipiga kelele alipofungua tu mlango, na kupindua chumba kile si kazi ya kufumba na kufumbua." Akamgeukia mwenye hotipoti. "Dada Mize, ile dua ilikuwa ya namna gani?"

Mize akalipuka.

"Mama kila nikipiga simu anauliza: mkwe ameshika mimba? Nimjibu nini? Wifi yangu ni rika la mama yetu mdogo! Nilitaka arudi nyumbani, aoe, azae. Basi! Pasipoti nisingeichoma!"

"Dada!" Machano alishika kichwa. "Mimi ni mtu mzima!"

"Mtu mzima gani, hujui hata kukunja shuka!"

Mireille hakumtazama wifi yake. Alimtazama mumewe. "Kumbe si wewe," alisema taratibu, na chanuo likamponyoka.

Mize akapakua vitumbua vyote, akafunua kitambaa cha chini, akatoa pasipoti ndani ya mfuko wa plastiki. Clara akakikumbuka kile kitumbua alichokula, akataka kulia kwa hasira.

"Twende wote," aliamuru. "Na wewe pia. Sikuachi nyuma yangu leo."

Saa nane ofisa aliipokea pasipoti, akaisogeza puani.

"Mbona inanukia hiliki?"

Clara alifumba macho. Mireille akajibu yeye, kwa Kiingereza chake cha saluni, bila kuficha chochote: chumba, msahafu, vitumbua.

Ofisa akaweka kalamu chini. "Mwiteni huyo dada."

Mize akaingia, mtandio umemteleza begani. Clara akamtafsiria swali: je, anaiafiki ndoa hii?

Mize akamtazama ndugu yake, akamtazama wifi yake, akavuta pumzi. "Siiafiki hata chembe. Nimefanya kila niwezalo kuivunja, haivunjiki."

Clara akatafsiri neno kwa neno, akingoja mbingu ianguke.

"Miezi yote hii," alisema ofisa, "wananiletea jamaa wanaotabasamu na majibu ya kukariri. Mama, mtu hapindui nyumba kwa sababu ya ndoa ya uongo."

Akavuta muhuri, akaugonga.