Simu Kutoka Kampala

Kila siku akitoka shuleni, Christella alipitia soko la Nyakasanza, mjini Bunia, kumsaidia mama yake kukunja vitenge. Lakini siku shule zilipofungwa hakupita sokoni. Alikimbia moja kwa moja hadi nyumbani, bulletin ya matokeo yake mkononi. Alikuwa wa pili darasani!

Baba yake, Mwalimu Sébastien, aliitupia jicho. "Vizuri, mwanangu," akasema, akaiweka mezani. Papo hapo dada yake mkubwa, Priscille, akaifunika kwa michoro yake bila hata kuiona.

Priscille alikuwa amemaliza chuo kikuu, na sasa alitaka kusomea shahada ya pili ya usanifu wa mandhari, yaani kazi ya kupanga miti, njia na mifereji ili mji upendeze na mvua isibebe udongo. Chuo cha Dakar kilikuwa kimemkubali. Cha Kampala, alichokipenda zaidi kwa sababu hufundisha namna ya kuponya makorongo yanayochimbwa na mvua kama ya Bunia, kilikuwa bado kimya. Kwa wiki tatu nyumba nzima haikuwa na habari nyingine. Christella aliona wivu.

Kesho yake Priscille alikwenda kupima korongo la mtaani, akaacha simu kwenye chaji. Ikalia. Christella akapokea.

"Mwambie Priscille nafasi ipo," sauti ya mwanamke ilisema kutoka Kampala. "Athibitishe kesho kabla ya saa sita mchana, saa za kwenu. Akikaa kimya, tutampa mwingine."

"Nitamwambia," Christella akajibu. Kisha akaifuta ile namba.

Priscille aliporudi, viatu vimejaa matope, aliuliza, "Hakuna mutu alipiga?"

"Hapana, yaya," Christella akamjibu dada yake.

Asubuhi iliyofuata Priscille alikaa mezani na karatasi za Dakar. "Basi nitaenda huko," akasema polepole. Akaanza kukunja mchoro wa korongo, akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono.

Christella alidhani angefurahi. Badala yake alijuta. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu.

"Yaya, nilikudanganya," akasema. "Kampala walipiga jana. Nafasi yako iko. Mwisho ni leo saa sita!"

Priscille alinyakua simu, akatafuta namba ya chuo cha Kampala kwenye karatasi za maombi yake. Mara ya kwanza haikupokewa. Mara ya pili pia. Mara ya tatu, zikiwa zimebaki dakika nane, mtu akaitika, na nafasi ikathibitishwa.

Ndipo akamgeukia mdogo wake. "Juu ya nini ulinidanganya, Christella?"

"Juu hapa nyumbani banaona weye tu!"

Priscille hakusema naye tena hadi Jumapili. Siku hiyo, baada ya misa, Christella aliomba msamaha mbele ya wote, na dada yake akamshika mkono.

"Mimi pia nilikosa," Baba akasema. "Ulileta kazi nzuri, nami sikukupa hata dakika tano. Lakini sikia, mwanangu. Moyo ukiuma, sema. Wivu ukifichwa huzaa uongo, na uongo wako ungemnyang'anya dada yako alichokitafuta kwa miaka. Na kama angekikosa, weye ungepata nini?"

"Hakuna kitu, Baba," Christella akasema.