Sari Nyeupe Siku ya Rangi

Jumatatu asubuhi duka la dawa lilikuwa limefurika, watu wamebanana hadi mlangoni, kila mmoja na cheti chake mkononi. Dobi aliingia mbio, ameukumbatia mkono wake wa kushoto. Pasi ya mvuke ilikuwa imemlamba, na subira ilikuwa imemwishia njiani.

"Dada, foleni inaanzia kule," alisema mfamasia bila kuinua macho.

"Na mkono wangu unawaka hapa."

Hapo akainua macho. Akamkalisha, akampaka dawa, akamfunga bendeji polepole kuliko ilivyohitajika. Dobi naye, kwa jicho la kazi yake, alikuwa anaikagua kola ya koti lake jeupe.

"Nani kakupigia pasi?"

"Mimi mwenyewe."

"Inaonekana."

Foleni nzima ikacheka. Jioni ile mfamasia akapeleka makoti matano kwa Dobi. Keshoye akapeleka shati moja, na keshokutwa moja tena, mpaka shangazi yake Dobi, mwenye duka la udobi, akauliza kama yule bwana anavua nguo njiani.

Mapenzi yakachanua. Kila mchana simu iliita.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula mvuke."

"Basi nakuletea chakula. Na shati."

"Shati la nini tena?"

"La kunipa sababu."

Mfamasia alikuwa Mhindu, na hakuchoka kumsimulia Holi, sikukuu yao ya rangi: watu wanavyopakana unga usoni, mkubwa kwa mdogo, na walionuniana wakarudi kucheka pamoja. Dobi akajishonesha gauni la pamba, jepesi, la kuchafuliwa siku hiyo. Ilipobaki siku mbili, simu ikaita.

"Mpenzi, hiyo keshokutwa usije nyumbani. Tutaonana siku nyingine."

"Kwa nini?"

"Ni mambo ya mama. Habari ndefu."

"Mama yako anajua kama nipo duniani?"

"Anajua."

"Basi anajua na hanitaki."

Akakata. Simu ikaita tena na tena, asiipokee. Usiku kucha gauni lilining'inia ukutani likimtazama.

Asubuhi ya Holi mtaa ulikuwa haushikiki. Watu walipita na nyuso za kijani na zambarau, wakirushiana maji, wakikumbatiana na wasiowajua. Dobi alikuwa ndani na aproni yake, anapiga pasi shuka lilelile kwa mara ya tatu. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mtu mzima katika sari nyeupe pee, haina hata tone la rangi.

"Wewe ndiye Dobi?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu tangu juzi anamimina chai kwenye sahani badala ya kikombe."

Dobi akaiweka pasi kando. Mama akavuta kiti, akaketi.

"Nilimsikia kwenye simu. Alikukataza kwa ajili yangu. Baba yake alifariki miaka minne iliyopita. Wazee wetu walisema mjane huvaa nyeupe na hachezi rangi, basi kila mwaka siku hii najifungia chumbani, naye anakaa nje ya mlango kutwa nzima. Aliogopa utakuta nyumba imenuna, udhani umenuniwa wewe."

"Angeniambia, mama."

"Angekuambia. Lakini ni mtoto wa baba yake, maneno humkwama kooni." Akatoa kifuko cha unga wa waridi, akakiweka mezani. "Nimechoka na kile chumba. Nimetembea mtaa mzima, wote wananikwepa kwa heshima. Nipake wewe."

"Mama, mimi nazijua nguo. Rangi hii ikiingia kwenye pamba, haitoki yote."

"Nimekuuliza habari ya kutoka?"

Dobi akachovya vidole. Akampaka shavu moja, kisha la pili, na mama akafumba macho kama anayekunywa maji baada ya safari. Alipoyafumbua, alijaza kiganja na kumsiliba Dobi kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Shangazi akachungulia kutoka nyuma ya pazia kuuliza kuna nini, akapata fungu lake.

Dobi alibadilisha nguo upesi, akavaa gauni lake, wakaondoka wameshikana mikono.

Mfamasia walimkuta ameketi sakafuni, amejiegemeza kwenye mlango wa chumba, kikombe mkononi.

"Mama, fungua basi unywe chai," alikuwa anaubembeleza mlango.

"Nipe huku," mama akasema nyuma yake. "Nilitokea mlango wa pili wa chumba, ule wa uani, saa mbili zilizopita."

Akageuka. Alimwona mama yake amekuwa wa waridi, kisha akamwona aliye pembeni yake, na kikombe kikainama chenyewe.

"Niliona haya," alimwambia Dobi. "Sikutaka uone huzuni yetu."

"Mimi sikukupenda kwa siku za raha tu. Siku nyingine niambie."

"Nakuambia sasa hivi. Tayari niko chini, sihitaji kupiga magoti. Utakubali nikuoe?"

Dobi alimpaka uso mzima kabla ya kujibu.

"Nakubali."

Kinywa cha mfamasia kilibaki wazi.

"Ameshakubali, mwanangu, funga mdomo," mama alisema. Akawashika wote wawili, akawavuta hadi uani. Majirani, waliozoea siku hii kuupita mlango ule kwa kunyata, walisimama wakaduwaa. Kisha mmoja wao akanyanyua ndoo ya maji ya manjano, akammwagia mama kwanza.