Maranda ya Farrukhzad

Mwoga na akae karibu na mlango, maana leo simngoji mtu.

Mjini Herat, mtaa wa watengeneza vitabu, aliishi Ustadhi Farrukhzad, mwandishi wa hati. Na mkono aliokuwa nao! Herufi zake zililala kwenye karatasi kama paka aliyeshiba. Lakini tangu mkewe Golandam afariki, hakuna aliyemgusa hata bega, isipokuwa theluji iliyomdondokea kutoka paani.

Waandishi wa kule wana desturi yao. Kalamu ni ya tete, na kila inapochongwa maranda yake hayatupwi. Hutiwa mfukoni miaka nenda miaka rudi, na siku mwenyewe akifa, ndiyo kuni za kuchemshia maji ya kumwoshea. Mfuko wa Farrukhzad ulikuwa umenona kuliko yeye.

Basi ikaja baridi ya kugonganisha meno. Kuni zikamwishia, na kitabu cha visa vya maadili bado hakijakamilika. Akachota konzi ya maranda, akachemshia chai.

"Nani ataniona?" akasema. Mtu mzima ovyo!

Alipoamka asubuhi nywele zake zilikuwa zimelowa, zinanukia kafuri na majani ya mkunazi.

Qanbar, jirani yake mshona vitabu, alikuja na ngozi ya jalada, akakunja pua. "Ustadhi, mbona wanuka maiti? Umepata mchumba makaburini?"

"Nyamaza wewe. Paa linavuja."

"Linavuja kafuri?"

Farrukhzad hakucheka. Alikuwa anakumbuka vidole vilivyopita nyweleni mwake usingizini, polepole. Qanbar alipoondoka, akachota konzi ya pili.

Usiku ule alikuwa ameinamia kisa cha sungura aliyemfungulia mbweha mlango kwa kuwa ndiye pekee aliyebisha hodi, amefika kwenye mstari wa mwisho, ule wa funzo, ndipo akasikia nyuma yake kata ya shaba ikigonga jiwe, na maji yakimiminwa, na harufu ya mkunazi ikapanda mpaka macho yakamchonyota, na kitu kisicho na pumzi kikapiga magoti mgongoni pake, kikamshika bega la kulia, kikashuka nalo hadi kiwikoni, hadi kwenye ncha za vidole, kwa upole ule ule wa Golandam alipokuwa akimtoa wino mikononi, naye hakuthubutu kugeuka, na, Mungu amsamehe, hakutaka kiache.

Jua lilipochomoza upande wake wote wa kulia ulikuwa baridi kama jiwe la kaburi.

Qanbar alimgusa mkono, akaurudisha wake haraka. "Umechoma maranda?" alinong'ona.

"Konzi mbili tu."

"Mbili tu! Ustadhi, umejitangazia msiba mwenyewe, na mwoshaji kaja. Huyo ni jini. Kichwa tayari, kulia tayari. Akimaliza kushoto, kilichobaki ni sanda."

"Nifanyeje?"

"Mfuko wote mtoni, leo hii. Na usichome tena hata chembe, nakuomba, kaka yangu."

Wakaenda wakaumwaga. Qanbar akasoma dua katika pembe nne za nyumba, bila mzaha hata kidogo, mtani yule! Harufu ikatoweka. Mkono ukapata joto. Qanbar akamwachia mzigo wa kuni, akaenda zake kwa wanawe, akicheka kwa sauti hadi mwisho wa kichochoro.

Nyumba ikanyamaza.

Farrukhzad akakaa kumalizia ule mstari wa funzo. Akachovya. Kalamu ilikuwa butu. Akatwaa kisu akaichonga, na maranda mapya, meupe, yakamwangukia mapajani.

Akayatazama sana. Kuni za Qanbar zilikuwa pale pale, kavu, tele.

Akaweka birika jikoni, akayakusanya maranda chini yake asiache hata moja, akawasha. Kisha akaketi, mgongo kwa mlango, akavua mkono wa kushoto wa kanzu.

Kata ikagonga jiwe.

"Golandam," alinong'ona, akijua fika kwamba siye, "maji yasiwe ya moto sana."