Ada ya Tiketi Ishirini

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wanachama wa chama cha maigizo walibaki darasani, wakasogeza madawati ukutani na kuanza mazoezi. Walikuwa ishirini na mmoja. Kiranja wao, msichana wa miaka kumi na tatu, shule nzima ilimwita Bi Mipango. Alikuwa na daftari, kalamu za rangi tatu, na mdomo usiojua likizo. Yeye ndiye aliyewabandika wenzake majina. Mvulana mnene alimwita Gunia. Msichana mmoja mkimya, ambaye maneno yalimkwama kila alipotaka kusema, alimwita Redio Mbovu. Majina yakashika, kwa sababu watoto husahau kazi za nyumbani lakini jina baya hawalisahau.

Wiki hiyo mwalimu wao alikuja na habari. Mchezo walioufanyia mazoezi muhula mzima ungeonyeshwa Jumamosi mchana na waigizaji wakubwa kwenye ukumbi wa mji. Vifijo vilipigwa mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

"Kiranja, kusanya pesa," alisema mwalimu. "Alhamisi uende pale ukumbini, ununue tiketi dirishani. Ni dakika ishirini kwa miguu. Usinunue kwa simu. Huko wanaongeza ada ya kuhifadhi nafasi kwa kila tiketi. Dirishani unalipa bei ya tiketi tu. Mwalimu huingia bure na wanafunzi wake. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwalimu."

Redio Mbovu alikuwa wa kwanza kulipa. Alikuja asubuhi mapema, akamkuta kiranja peke yake darasani, akamkabidhi sarafu tupu zilizofungwa kwenye leso. Mama yake alifua nguo za watu.

"Hizi umezitoa wapi, umevunja kibubu?" aliuliza Bi Mipango.

"Ma... ma... mama ame..."

"Basi, basi, kutakucha." Akaweka alama ya penseli kwenye jina lake.

Alhamisi ikafika, na siku hiyo kulikuwa na fainali ya mpira wa pete uwanjani. Bi Mipango aliwaza ile foleni ya dirishani na jua lile, akaona ni mambo ya watu wasio na akili. Akatazama mpira mpaka filimbi ya mwisho. Jioni akamfuata kaka yake mkubwa, aliyekuwa na simu nzuri.

"Hapa kuna ada," kaka yake alisema. "Kila tiketi."

"Ni kidogo hicho."

"Haba na haba hujaza kibaba, mdogo wangu."

"Wewe bonyeza tu, kaka."

Kaka akabonyeza, na kibaba kikajaa. Ada ya tiketi ishirini ilikuwa sawasawa na bei ya tiketi moja. Pesa za watu ishirini na mmoja zilitosha tiketi ishirini tu, na kaka mwenyewe alikuwa amefilisika.

Bi Mipango angeweza kumwambia baba yake. Baba angeguna, angesema maneno mawili makali, kisha angetoa pesa. Angeweza hata kumwambia mwalimu. Lakini Bi Mipango hakuwahi kukosea mbele ya watu, na hakutaka kuanza siku hiyo. Alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye majina. Gunia angelia kwa sauti mpaka mtaa wa pili. Mpwa wa mwalimu mkuu hakugusika. Kidole kilishuka, kikasimama kwa Redio Mbovu.

"Huyu mpaka amalize kujitetea, sisi tumeshakaa kwenye viti," alijisemea, akacheka peke yake. Akachukua kifutio.

Ikabaki kazi moja. Tiketi alizochapisha kaka zilikuwa na mstari mdogo chini kabisa, umeandikwa ada, na mwalimu alikuwa na macho. Bi Mipango alichukua mkasi, akakata ukingo wa chini wa kila tiketi, vizuri, kwa rula. Kwenye ukingo huohuo kulikuwa na tarakimu ndefu ambazo hakuzijali.

Jumamosi walikusanyika langoni mwa shule, sare zimepigwa pasi. Kiranja alisoma majina. Yalipokwisha, Redio Mbovu alikuwa bado amesimama, mkono juu.

"Huyu hakulipa, mwalimu," alisema Bi Mipango.

Mwalimu alitazama saa yake. Walikuwa wamechelewa. "Ni kweli hukulipa?"

"Mi... mi... mi..."

"Mi-mi-mimi sina hela!" alimalizia Gunia, na kundi zima likacheka. Bi Mipango alicheka kuliko wote. Msichana alizidi kujitahidi, mishipa ya shingo imemsimama, na neno halikutoka.

"Rudi nyumbani, mwanangu," alisema mwalimu. "Tutazungumza Jumatatu. Haya, twendeni."

Mlangoni mwa ukumbi bawabu alipokea tiketi, akazigeuza huku na huku.

"Namba ziko wapi?"

"Namba gani?" aliuliza Bi Mipango.

"Namba ya tiketi. Huwa iko hapa chini. Nani amezikata? Bila namba haingii mtu hapa, hata awe mama yangu mzazi."

Mwalimu akaenda nao dirishani. Mkata tiketi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na kwa sababu ya kioo cha dirisha alizoea kusema kwa sauti kubwa.

"Zilinunuliwa kwa namba gani ya simu?"

Bi Mipango alinong'ona namba ya kaka yake. Mama akaandika kwenye kompyuta, akasoma ili wote wasikie: "Hizi hapa. Tiketi ishirini. Na ada za kuhifadhi nafasi, ishirini. Mbona hamkuja dirishani, mwalimu? Hapa hatutozi ada."

Mwalimu alipiga hesabu kichwani, akamgeukia kiranja. "Ada ishirini ni bei ya tiketi moja. Pesa za nani zimelipa ada?"

Safari hii Bi Mipango ndiye aliyekwama.

"Mwalimu, yule pale," alisema Gunia. "Ametufuata."

Chini ya ngazi, Redio Mbovu alikuwa amesimama, viatu vimejaa vumbi.

"Bado kuna nafasi?" mwalimu alimuuliza mama.

"Hata ya paka hakuna," alisema mama, akichapisha upya zile ishirini zikiwa na namba.

"Basi zipo ishirini. Kiranja, wewe utakaa nje."

Bi Mipango alilia. Hakuna aliyemtazama, wenzake walikuwa wanawahi viti. Alikalishwa kwenye kigoda kando ya dirisha, na ukutani kicheko kilipenya kama mvua kwenye bati bovu.

"Hapo ndipo mzee anaanguka na kiti," mkata tiketi alimwambia bila kugeuka. "Patamu sana hapo. Pole."

Saa mbili zilipita hivyo. Walipotoka, wakiwa bado wanaiga sauti za waigizaji, Bi Mipango alimsogelea yule msichana. "Nisamehe," alisema haraka, atoke kwenye aibu ile.

Msichana alimtazama. "Mi... mi... mi..." Mtu mmoja akaguna, na mwalimu akainua kidole. Wakasubiri. Ilichukua muda mrefu. "Mimi nili... nililipa wa kwanza."

Hakusema kwamba amesamehe. Alikwenda kusimama na wengine.

"Mwanangu, pale langoni niliitazama saa badala ya kukutazama wewe," mwalimu alimwambia. "Kosa hilo ni langu." Kisha akawageukia wote. "Nanyi mliocheka, mlimsaidia mwizi bila kujua. Kiranja, hata dirishani kuna gharama: kutembea, jua na foleni. Wewe hukutaka kuilipa, ukamlipisha asiyeweza kusema haraka. Ungekuja Ijumaa ukasema umekosea, leo wote ishirini na mmoja mngeingia. Njia ya mkato ina ada, na mwenye haki huilipa mwenyewe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Muhula ujao tutakuja tena. Mtakuja dirishani wawili, wewe na yeye. Atakayesema na mama wa tiketi ni yeye. Wewe utashika pesa na kusubiri mpaka amalize, hata kama dirisha litafungwa."