Saini Tano Kwenye Ukurasa Mtupu

Foleni ya uhakiki ilianzia kwenye mlango wa ofisi ya elimu, ikazunguka ukuta, ikapita vyooni, ikatokea tena getini. Watumishi mia nane wa shule za umma, kila mmoja na bahasha ya vyeti kwapani, walikuja kuthibitisha kwamba wapo. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Wakubwa walisema mishahara haiwezi kupanda mpaka watumishi hewa wapatikane. Na kwa kuwa watumishi hewa hawapangi foleni, waliosimama juani tangu asubuhi ni hawa wenye miguu na visigino vinavyouma.

Mmoja wao alikuwa mwalimu wa hisabati, binti wa miaka thelathini aliyevaa gauni la kijani alilolipunguza kiuno mara mbili kwa mkono wake. Wanafunzi walimwita Baki, kwa sababu hakuna hesabu aliyoisahihisha bila kuuliza, "Na baki iko wapi?" Jina liliwanogea mpaka walimu wenzake.

"Dada," sauti ilisema nyuma yake, "hiyo picha watakurudisha nayo."

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe, pasi imepita mpaka mikunjo ya mikono imesimama kama imepigwa rula.

"Imefanya nini? Si sura yangu hii?"

"Sura ni yako, tena imetulia. Tatizo liko nyuma yake. Waraka unataka pazia la bluu, wewe umepigia kwenye jeupe."

"Kwa hiyo nikiwa na ukuta mweupe nyuma, mimi sipo?"

"Upo. Mimi nakuona tangu saa mbili. Ila kwa ofisi, hupo."

Baki akacheka kwa sauti mpaka watu wakageuka. "Na wewe ndiye msemaji wao?"

"Mimi karani tu. Nimehamishiwa shule ya hapo nyuma ya stendi, yenye paa la kijani."

"Shule yangu hiyo! Maskini. Ulimkosea nani?"

Alimshikia nafasi, Baki akakimbilia studio ya picha. Aliporudi, saa nzima baadaye, alimkuta Karani ameshafika mbele ya dirisha la uhakiki, akiwapisha watu mmoja mmoja ili nafasi ya Baki isipotee.

"Umewapisha wangapi?"

"Sikuhesabu. Hesabu nasikia kuna mwenyewe."

Ndivyo walivyoanza. Karani alipewa ofisi ndani ya stoo ya shule, kati ya maboksi ya chaki na madawati yaliyovunjika miguu, na Baki akawa mwalimu anayeishiwa chaki kuliko wote. Jioni ilikuwa simu.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nasikiliza mashine ya kusaga. Jirani ukutani anasaga, mimi natetemeka na kitanda changu."

"Hama."

"Nihamie wapi, mpenzi? Kwa dada yako?"

Hapo wote walicheka. Baki alilala kwenye kochi la sebuleni kwa dada yake, na alfajiri alilazimika kukunja shuka kabla wapwa zake hawajaamka kutafuta viatu vya shule. Karani alikuwa na chumba kimoja kisichobeba watu wawili na sufuria. Kwa hiyo walikubaliana: nyongeza ikitoka, wanapanga nyumba, wanaoana. Nyongeza ikitoka. Maneno hayo waliyasema mara nyingi mpaka yakawa kama jina la mtu wanayemsubiri stendi.

Baki hakuwa mtu wa kusahau. Nyaraka zote za mishahara alizihifadhi ndani ya kopo la biskuti, na aliweza kuzisoma bila kulifungua. Mwaka wa kwanza walisema hali ya uchumi haijatulia. Wa pili walisema subirini bajeti. Wa tatu alikuja Mkurugenzi mpya, walimu wakaombwa wampe muda. Wa nne walisema takwimu zinahakikiwa. Wa tano hawakusema chochote, mchele ukapanda, nauli ikapanda, mshahara ukakaa ulipokaa.

Mwaka wa sita Mwalimu Mkuu aliwasomea waraka wakiwa wamebanana kwenye mabenchi ya wanafunzi, kwa maana chumba cha walimu hakikuwa na viti. Mshahara utabaki kama ulivyo. Fungu lililopatikana limeelekezwa kwenye ukumbi mpya wa mikutano wa Mkurugenzi: viyoyozi sita, zulia, na viti arobaini vya ngozi, vya kuzunguka.

"Vya nini?" aliuliza mwalimu wa michezo, mama mmoja mnene, mwepesi wa mdomo, aliyeitwa Filimbi.

"Vya kuzunguka," Mwalimu Mkuu akarudia, bila kuinua macho.

"Basi wazunguke mpaka watapike."

Watu walicheka, lakini Baki hakucheka. Alisimama baada ya Mwalimu Mkuu kutoka.

"Jamani, wale hawasomi barua zetu. Tumeandika tano, zimefungiwa maandazi. Kitu kimoja tu wanachokisoma ni daftari la mahudhurio."

Daftari hilo kila mwalimu alilijua. Unafika, unaandika saa, unatia saini. Saa moja na nusu Mwalimu Mkuu anapiga mstari mwekundu. Ukiwa chini ya mstari umechelewa. Ijumaa Karani analipeleka ofisini.

"Wiki ijayo tufundishe kila kipindi," Baki alisema. "Tusahihishe kila daftari la mwanafunzi. Ila saini, hakuna. Ukurasa uende mtupu. Si wanatafuta watumishi hewa? Basi tuwapelekee shule nzima iliyofundishwa na hewa."

Filimbi alipiga meza. Watu thelathini na mmoja wakakubaliana, na kwa siku tano shule ile ilifundishwa kama haijawahi kufundishwa. Kila asubuhi mstari mwekundu ulipigwa juu ya karatasi nyeupe, peke yake.

Jumatatu iliyofuata daftari lilirudi. Mwalimu Mkuu alilifungua mbele yao, akasafisha koo.

"Afisa Elimu ameandika hivi: 'Aliyesaini siku zote tano ni mmoja. Wengine thelathini wajieleze kwa maandishi kwa nini wasihesabiwe watoro.'" Akageuza daftari wote waone. Saini tano, moja juu ya kila mstari mwekundu. "Mwalimu wa hisabati, ofisi inakupongeza."

Vichwa vyote vikamgeukia Baki.

"Kumbe!" Filimbi ndiye aliyeanza. "Sisi katufanya hewa, mwenzetu yuko na nyama na mifupa!"

"Sikusaini," Baki alisema. "Wallahi sikusaini."

"Basi limesaini jini lako."

Hakubishana zaidi. Daftari likitoka kwa Mwalimu Mkuu, kabla halijafika ofisini, hupita mkono mmoja tu. Alivuka uwanja, akasukuma mlango wa stoo.

"Ni wewe."

Karani hakuuliza nini. Alikuwa ameketi nyuma ya meza, kalamu imelala mbele yake, na shati lake safari hii halikuwa na pasi.

"Faili lako lilikuwa juu ya meza ya Afisa, mpenzi. Nililiona Ijumaa nilipopeleka daftari. Daraja jipya la kukupandisha mshahara wewe, limeshaandaliwa, limebaki muhuri. Na pembeni yake maagizo: asiyesaini siku tano mfululizo, afutwe kwenye orodha. Nikatoka nje na daftari kwapani. Nikasaini juu ya ukuta wa ofisi yao."

"Nani alikuomba?"

"Hakuna. Nilitaka tupate nyumba."

"Uliniokoa peke yangu! Unajua maana ya peke yangu? Watu thelathini niliwaambia mimi, kwa mdomo huu, wasisaini. Nimewatosa majini, halafu naonekana ufukweni naanika nguo."

"Nitasema ni mimi."

"Useme? Huko ni kughushi. Leo hiihii unafukuzwa." Alishika kichwa. Stoo ile ilikuwa na dirisha moja, na dirisha lenyewe lilizibwa na kabati la mafaili. "Ukisema, wewe huna kazi. Usiposema, mimi msaliti. Umenifungia mlango, ukafunga na dirisha, ukasema umenijengea nyumba."

Akatoka. Simu za jioni zikawa zinaita hazipokelewi. Alipozima yake, Karani akahamia kwenye simu ya dada mtu.

"Shemeji amepiga tena," dada alisema siku ya tisa, simu ameiziba kwa kiganja. "Anasema nikuulize kama umekula. Nimwambieje? Mimi nimekuwa mhudumu wa kantini?"

"Mwambie nimeshiba."

"Amesikia. Anasema anashukuru."

Shuleni Baki alikaa ukingoni mwa benchi, na benchi likawa refu ghafla, kwa jinsi watu walivyosogea. Akiingia, maongezi yanageuka mvua na mpira. Barua za kujieleza zilitakiwa Alhamisi ya wiki hiyo ya pili. Jumatano, saa ya chai, Filimbi alimwona mlangoni na kikombe chake, akapaza sauti: "Mpisheni mtumishi halali akae! Sisi watoro tutasimama."

Baki alikuwa anageuka aondoke alipogongana na Karani mlangoni. Shati jeupe, mikunjo imesimama. Karani alipita pembeni yake bila kumwangalia, akaenda kusimama katikati ya chumba.

"Zile saini niliziandika mimi," alisema. "Yeye hakujua. Niliogopa atafutwa kwenye orodha. Nimewaharibia wote, na yeye nimemharibia zaidi. Barua zenu ziandikeni kwamba daftari nimelichezea mimi, mtanusurika."

Mtu aliweka kikombe chini.

"Wewe bwana mdogo," Filimbi alisema taratibu, "una akili?"

"Sina, mama. Nilikuwa na mchumba tu."

Hakuna aliyecheka. Thelathini walimtazama mtu aliyewakabidhi shingo yake. Sentensi moja kwenye barua zao, na kosa lote lingemhamia yeye, wangetoka safi. 

Filimbi akainuka, akakung'uta sketi.

"Kuna mtu humu amesikia kitu?"

Kisha mwalimu wa jiografia, mzee asiyezungumza zaidi ya mara mbili kwa muhula, akajibu, "Mimi nilikuwa nakunywa chai."

"Na mimi nasahihisha."

"Karani, rudi stoo kwako," Filimbi alisema. "Na wewe Baki, kaa. Sogeeni nyie, mtu ana tako pia!"

Kesho yake barua thelathini zilipelekwa, zote zikiwa na mstari mmoja: Nilikuwepo, waulizeni wanafunzi. Baki akaandika ya thelathini na moja, ambayo hakuombwa: Saini zile sizitambui kuwa uamuzi wangu. Naomba zifutwe, nihesabiwe pamoja na wenzangu. Hakutaja mtu.

Waliokaa kwenye viti vya kuzunguka walijibu ndani ya wiki mbili. Tangu lini wanajibu haraka hivyo! Thelathini walipewa onyo la maandishi. Mshahara ulibaki ulipo kwa mwaka wa sita. Faili la Baki likafungwa, na yeye, kama kinara, akahamishiwa shule ya mwisho wa barabara, mahali ambapo gari hufika mara mbili kwa wiki. Aripoti ndani ya siku saba.

Jumamosi mchana alikuwa sebuleni kwa dada yake, amepiga magoti mbele ya sanduku lisilotaka kufungika, Karani alipobisha hodi. Dada alimfungulia, akamwangalia juu mpaka chini, akaenda jikoni bila kufunga mlango wa katikati.

"Kuna fomu," Karani alisema, akiwa bado amesimama.

"Hujambo kwanza."

"Sijambo. Kuna fomu ya uhamisho wa kumfuata mwenzi, nikufuate huko. Ofisi haiwezi kuikataa hivihivi, imo kwenye kanuni zao. Ila inataka kiambatisho."

"Kiambatisho gani?"

"Cheti cha ndoa."

Jikoni sufuria iliacha kulia.

Baki alikaa juu ya visigino vyake. "Kwa hiyo unanichumbia ili fomu ikamilike?"

"Nakuchumbia kwa kuwa siku ishirini hizi nimekula bila kujua nimekula nini. Fomu ni ya kuwadanganya wao."

"Tulisema nyongeza ikitoka."

"Haitoki, Baki."

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyatamka maneno hayo. Yalipotoka yalikaa pale sebuleni, kati ya kochi na viatu vya watoto, na Baki alisikia hasira ikimpanda, hasira ya miaka sita, lakini safari hii ilikuwa na kipande chake mwenyewe ndani. Mshahara waliushika wao. Ndoa ilishikwa na nani? Hakuna waraka uliowahi kuizuia. Waliizuia wenyewe, wawili hawa, wakamkabidhi Mkurugenzi kitu ambacho hata hakukiomba.

"Huko nyumba ya mwalimu ni chumba kimoja," alisema. "Nasikia haina dari."

"Haina. Na mlango wa nyuma umeliwa na mchwa. Nimempigia karani wa huko."

"Umeshampigia!"

"Niliuliza tu. Sikuandika jina la mtu."

Baki alitaka kubaki amenuna, mdomo ukamsaliti. "Sikiliza. Siku nyingine ukitaka kuniokoa, uniulize kwanza. Nikikataa, uniache nizame na watu wangu."

"Nitakuuliza."

"Ishirini na moja," dada alisema kutoka jikoni.

"Nini ishirini na moja?"

"Siku za tangazo la ndoa! Mnadhani cheti kinachumwa? Na wewe unatakiwa uripoti Jumanne."

Walitazamana. Jumanne. Kisha siku ishirini na moja, kisha fomu, kisha meza ya Afisa, na fomu kwenye meza ya Afisa hukaa mpaka itakapoamua kushuka yenyewe. Inaweza kuwa mwezi. Inaweza kuwa mwaka.

"Jumatatu asubuhi tunaandikisha," Baki alisema. "Jumanne naondoka. Tangazo likiisha narudi, hata kwa miguu."

"Na wakikataa ruhusa?"

"Nitakuwa mtoro wa kweli sasa, wapate cha kuandika. Njoo ukalie hili sanduku."

Karani alivua koti, akakaa juu ya sanduku kwa uzito wake wote. Baki akavuta zipu kutoka upande mmoja, polepole, ikakwama kwenye kona, akaivuta tena huku ameuma mdomo wa chini.

"Imefunga?" Karani aliuliza.

"Imefunga."

"Niinuke?"

Baki aliegemeza kichwa kwenye goti la Karani, kwenye kitambaa kilichonyooshwa pasi.

"Bado," alisema.